Watu wa Jengo la Nyuma

Nilipelekwa Jengo la Nyuma kwa sababu ya urefu wangu. Siku ya kwanza ya kazi tulisimama wasichana kadhaa kwenye baraza la hospitali ya Uvira, nguo nyeupe zimenyooshwa kwa pasi ya makaa, na masela aliyetufundisha akatugawa. (Masela ndivyo tulivyowaita watawa wa kike.) Huyu aende uzazi, huyu kwa watoto, huyu kwenye vidonda. Aliponifikia alinitazama toka miguuni hadi kichwani.

"Weye Salome, uko murefu na mikono yako iko na nguvu. Utaenda Nyuma."

Wenzangu wakaangalia chini. Wakati ule watu wa Uvira hawakusema fulani ana ugonjwa wa akili. Walisema amepelekwa Nyuma, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lilikuwa jengo la matofali nyuma ya jiko la hospitali, limeegemea mlima, na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Mlangoni alinipokea muuguzi mkuu wa jengo, mtu mfupi, mnene, mzaliwa wa Bijombo, aliyekulia kati ya ng'ombe kabla ya kwenda shule. Sisi sote tulimwita Shefu. Ndani, kwenye kona, alisimama mama mmoja ameshika bakuli la bati kama jiwe la kutupa. Tangu jana yake alikuwa hajamruhusu mtu kumkaribia, na aliyejaribu aliumwa kidole. Minye (yaani mimi) nikakunja mikono ya nguo yangu, nikamwendea kwa hatua ndefu, maana nilidhani ndiyo kazi niliyoitiwa.

"Rudi," Shefu akasema. "Kaa chini."

"Chini wapi, Shefu?"

"Hapo hapo, ku saruji."

"Na nguo yangu nyeupe?"

"Nguo inafuliwa. Kaa."

Nikakaa. Naye akakaa kando yangu, akipumua kwa shida kwa ajili ya tumbo lake. "Sasa uko mufupi kuliko yeye," akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopiga gumzo. "Ukikuya juu yake na ile mikono, ubongo wake unaona hatari, na muntu mwenye anaona hatari anapigana. Weye ungepigana. Tungojee."

Tukangoja hadi supu ikaletwa. Yule mama aliteleza taratibu ukutani mpaka naye akawa amekaa, bakuli mapajani, halafu akaniuliza nani alinipigia pasi. Nikamjibu ni mama yangu. Akasema, "Anajua kazi." Hayo yalikuwa mazungumzo yangu ya kwanza na mgonjwa wa akili, na mpaka leo sijayapata mengine yenye busara kuliko hayo.

Vijana mnaoanza kazi hii mna vidonge vingi, kila kimoja na jina lake. Sisi tulikuwa na vichache. Dawa ya kifafa ilikuwapo, na ilifanya kazi nzuri. Ilikuwapo pia dawa ya maji ya kulaza watu, yenye harufu kali iliyotoka hata kwenye jasho la mgonjwa siku ya pili, hivi kwamba ulimjua aliyeinywa kabla hujamwona. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa mikononi na mdomoni: kuogesha, kulisha, kuketi, kuongea, na kujua wakati wa kunyamaza.

Wakaazi wa jengo nawakumbuka wote, lakini watatu nitawataja kwa sababu ya yaliyofuata. Kulikuwa na mzee tuliyemwita Mjomba, kwa kuwa yeye alimwita kila mtu mjomba, hata masela. Alisikia sauti zisizo na mwenyewe, akazijibu kwa adabu. Kulikuwa na Faida, msichana wa kifafa. Hakuwa na ugonjwa wowote wa akili. Nyumbani walimwogopa tu, wakaacha hata kumpa kikombe wanachonywea wengine. Na kulikuwa na mtu tuliyemwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa amefundisha shule mpaka siku alipoacha kusema. Huzuni ilikuwa imemfunga mdomo. Shefu alimsalimu kila asubuhi, akangoja muda wa kutosha jibu kufika, halafu akaendelea na mwingine. Hakuacha hata siku moja kungoja lile jibu.

Daktari mkuu, Mzungu mmoja mwenye haya, ndiye aliyeagiza ubongo wa ng'ombe kutoka machinjioni ili tufundishwe. Uliletwa juu ya sinia nyeupe, na wasichana wawili wakatoka nje kutapika. Daktari alisema kwa Kifaransa, Shefu akatafsiri, na tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno ya daktari.

"Docteur anasema hivi. Hii ya mbele, nyuma ya paji la uso, njo inafikiri, inapanga, inangojea. Sasa hapa ndani kabisa," akafungua kwa kisu, "kuko kipande kidogo kama karanga, kimoja huku, kimoja kule. Hicho njo cha woga. Mufikiri imbwa wa nyumbani. Anabweka kwanza, kiisha mwenye nyumba anatoka kuangalia ni nani. Kwa wagonjwa wetu wengi imbwa amebweka sana, mwenye nyumba hasikilikane tena. Weye ukikuya na kelele, imbwa anazidi. Ukikuya polepole, mwenye nyumba atatoka."

Daktari akauliza kama yeye kweli alisema habari za mbwa. Shefu akamjibu kwamba ndivyo Kiswahili kinavyosema, na daktari akaandika kitu kwenye daftari lake la mfukoni, ameridhika. Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya kukumbushwa kazi, niliambiwa kwamba jina la kitabuni la kile kipande linatokana na lozi. Minye nimeendelea kusema karanga. Uvira lozi hatuilimi.

Toka siku ile sikuliogopa tena lile jengo. Moyo ukiumwa tunauita ugonjwa, figo likiumwa tunaliita ugonjwa, na ubongo nao ni nyama ya mwili, unachoka, unajeruhiwa, unapona. Shefu alitukataza neno "wazimu" kabisa. Alitufundisha pia jambo lililonishangaza: kumsaidia mgonjwa aite hisia yake kwa jina. Anayepiga ukuta, umuulize, ni hasira ama ni haya? Anayelia, ni huzuni ama ni woga? "Kitu chenye hakina jina kinajaa mu nyumba yote," alisema. "Ukikipa jina, kinapata kiti chake, kinakaa."

Mwaka wa uhuru, siku ya gwaride, ngoma zilisikika mpaka kwetu. Mjomba akamfuata Shefu.

"Mjomba, hii uhuru itafika na huku Nyuma?"

Shefu alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akaenda kufungua mlango. Tuliwapeleka wote, tumewashika mikono, wakakaa kwenye ukuta mdogo wa barabarani wakitazama bendera. Faida aliimba. Mwalimu alisimama wima, kama mbele ya darasa. Kiongozi mmoja wa mji alikuja siku ya pili kulalamika kwamba tumeiaibisha sherehe. Shefu alimsikiliza kwa heshima zote, akamtolea kiti, na tangu siku ile hakuufunga tena ule mlango mchana.

Daktari aliondoka mwaka uleule, akilia kwenye gari. Shefu akabaki na jengo, na mzigo wote. Ndipo aliponituma Makobola.

"Wengine hawafiki hapa," aliniambia. "Wanafungwa kamba kwao. Uende mbele ya kamba, ufike kabla hawajafungwa."

Makobola nilipewa chumba kimoja kwenye dispanseri, kati ya barabara ya Fizi na ziwa. Nilipenda mahali pale. Asubuhi wavuvi walirudi na ndagala, wake zao wakazianika kwenye mchanga, na kila aliyepita alinirushia salamu. Lakini miaka michache baada ya uhuru uasi ulikuja. Siku moja risasi zililia sokoni, na mvuvi mmoja aitwaye Kashindi akamwona mdogo wake akianguka kando yake, karibu na maji. Baada ya mazishi Kashindi hakushuka tena ziwani. Sufuria ikianguka alijitupa chini. Mke wake Feza alipomgusa bega kwa nyuma, alimpiga, halafu akamkimbilia kumwomba msamaha huku akitetemeka. Ndugu zake wakaleta kamba ya wavu, nami nikafika imeshazungushwa kwenye mguu mmoja.

"Mama munganga, amerogwa," wakasema.

"Ameumia," nikawaambia. "Kile kitu cha woga mu kichwa chake kinafikiri bado iko sokoni. Hakijajua kama soko limekwisha."

Wakanitazama kama mimi ndiye niliyerogwa. Feza peke yake akauliza, "Tutakijulisha namna gani?"

Mwanamke yule angekuwa muuguzi mkubwa kuliko sisi wote. Nilimwonyesha kumwendea mumewe kwa mbele tu, na kupumua pamoja naye, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa sababu pumzi ndefu ndiyo habari ya amani ambayo mwili huipeleka kichwani. Yeye mwenyewe akaongeza lake. Kila asubuhi alipeleka vyombo kuviosha ziwani, akamwomba Kashindi amsindikize mpaka kwenye mgomba fulani tu. Alipoweza bila kutetemeka, wakasogea mpaka kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Siku mbaya walirudi nyuma, na Feza hakumlaumu. Ilichukua msimu mzima. Siku Kashindi alipoingiza miguu majini, nilikuwa nimesimama juu barabarani na sindano mkononi, nikamsahau mgonjwa aliyekuwa akinisubiri.

Wakati huo barabara ya Uvira ilikuwa imekatika. Waliofika kwa miguu walisema hospitali imeporwa, wengine walisema imechomwa, na kwamba Shefu amekufa. Nilimlilia kimoyomoyo, maana waliokuwa wakilia Makobola walikuwa wengi na zamu yangu haikuwa imefika.

Vita vilipotulia nilikwenda Uvira na mtumbwi wa Kashindi, yeye mwenyewe akipiga kasia. Hospitali ilikuwa imesimama, imevuliwa milango na magodoro. Jengo la Nyuma lilikuwa tupu. Mlangoni pake, kwenye ngazi, alikaa mtu mwembamba ambaye shati lilimwangukia kama limetundikwa msumarini. Nusura nimpite. Ndipo nikaona vile alivyoshika magoti, nikajua ni Shefu.

Nikamsalimu. Yeye akanitazama, akasema, "Salome," halafu akarudisha macho chini.

Mke wake, Mama Nyota, akaniambia mambo kando ya nyumba. Hali chakula, haogi, haongei. Kila asubuhi anavaa shati, anakuja kukaa pale kwenye ngazi, jioni anarudi. "Batu wote wanakuya kumuuliza," alisema. "Shefu, dawa ziliibiwa na nani? Shefu, magodoro yako wapi? Anakufa sasa, mwanangu. Anakufa akiwa amekaa."

Nilimwendea nikajaribu yote aliyonifundisha. Nilikaa chini kuliko yeye. Nilimwambia tupumue pamoja. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemwona mwanafunzi akisoma somo vizuri. "Hayo ninayajua, binti yangu," akasema. "Niliyafundisha." Nikaona aibu. Siku tatu nilikaa naye nimenyamaza. Nilikuwa nimekasirika pia, naomba mnielewe: nilimkasirikia kwa kuwa alikuwa mwembamba.

Ni Kashindi aliyeuliza. Alikuwa ameleta samaki kwa Mama Nyota, akakaa ngazini na sisi, akiwa hajui adabu ya wauguzi ya kuzunguka zunguka.

"Papa, unalilia nani?"

Shefu akamgeukia. Na huyo mtu aliyeulizwa habari za dawa na magodoro na mji mzima, akajibu.

"Ninalilia watu wangu," akasema. "Risasi zilipokaribia, wafanyakazi walikimbia, hawana kosa. Minye nikabaki nao humu ndani. Nikaona: mlango ukifungwa wataungua humu, ukifunguliwa watatoka katikati ya risasi. Nikafungua. Nikawaambia, mwende. Mjomba akaniuliza, tuende wapi, mjomba? Sikuwa na jibu. Nikasema, mwende tu. Sasa sijui. Sijui niliwaokoa ama niliwaua."

Alilia mpaka mabega yakamtikisika, na Kashindi akamwekea mkono mgongoni, akiuzungusha kutoka mbele, kama Feza alivyokuwa akimfanyia yeye. Ilipotulia nikamuuliza, kwa kuwa sasa nilijua la kuuliza, "Shefu, hiyo ni huzuni ama ni hatia?"

Akafikiri. "Ni zote mbili," akasema. "Hatia njo iko nzito."

"Basi twende tuwatafute."

Tuliwatafuta kwa miezi, kila tulipopata nafasi, mimi na yeye na mara nyingine Kashindi. Tulianzia kartiye za mji, mtaa kwa mtaa, tukaulizia sokoni na makanisani. Kwanza Shefu alitembea kama mzigo unaokokotwa. Kutembea kukamrudishia njaa, na njaa ikamrudishia ukali wake. Pale Bijombo, kwa dada yake Shefu, tulimkuta Faida. Alikuwa amepanda mlima na wakimbizi waliosikia kwamba Shefu ni wa huko. Dada mtu alimpokea bila kuuliza, wakala sahani moja. Shefu alikuwa amemtafuta kila mahali ila kwao.

Luberizi tulifika mpunga ukiwa umeanza kuiva. Mtu wa lori alikuwa ametuambia habari za mzee mmoja anayelinda mashamba dhidi ya ndege. Tukamsikia kabla ya kumwona. Katikati ya mpunga, juu ya kilingo cha miti, mtu alikuwa akipiga debe na kupaza sauti: "Mjomba! Toka hapo, mjomba! Huo si mpunga wako!" Alikuwa akiwaambia ndege. Mwenye shamba, mjane mmoja, alitueleza kwamba huyu ndiye mlinzi bora wa bonde lote, kwa kuwa hachoki kuongea.

Shefu alisimama kwenye tuta la shamba. Mjomba akatuona, akateremka taratibu, akamkaribia na kumkagua uso.

"Mjomba, umekonda," akasema. "Hawakupi chakula?"

Shefu akacheka. Kile kicheko kilianza kidogo kama kikohozi, kikamshinda, akakaa matopeni na suruali yake safi, akacheka na kulia kwa pamoja, na mjane akakimbia kumletea maji. Tulimwachia Mjomba dawa zake na tukamfundisha mjane kumpa. Hatukumrudisha Uvira. Alikuwa na kazi.

Wengine tuliwapata, wengine tulionyeshwa makaburi yao. Mwalimu hatukumpata. Kuna aliyesema alionekana barabara ya kwenda Bukavu, akitembea wima. Tulipokuwa hatuna tena mahali pa kuuliza, Shefu aliita watu kwenye Jengo la Nyuma, tukaweka kilio cha wale ambao hawakurudi, na uji na nyimbo na majina yakisomwa kama kwa watu wenye ukoo. Mji haukuwa umewahi kuona kilio cha watu wa Nyuma. Wengi walikuja kuchungulia, wakabaki wakiimba. Wiki iliyofuata Shefu alimwita seremala, akang'oa vyuma vya madirisha.

Alirudi kazini. Nasema hivi kwa ajili yenu mnaodhani mtu akivunjika amekwisha. Hakurudi kuwa yule wa zamani. Aliogopa milio, na siku za mvua kubwa alikaa kimya. Lakini aliyasema. Aliingia asubuhi akatuambia, "Leo niko na huzuni, munivumilie," na sisi, wauguzi tuliozoea wakubwa wasio na mwili wala moyo, tulijifunza kwake kuliko kwenye sinia la ubongo. Mimi nilimrithi alipostaafu, nikafanya kazi mle mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikufa kitandani mwake, amezungukwa na watoto na wagonjwa wa zamani, na mtu mgeni asingeweza kuwatofautisha.

Sasa minye pia nimestaafu. Vijana wananiuliza ni dawa gani ilikuwa bora. Dawa ni nzuri, musiache dawa. Ila nimeona watu wengi wakipona kwa kuwa mtu mmoja alikubali kukaa karibu nao bila haraka, akijua kinachofanyika ndani ya kile kichwa, na bila kukionea haya. Hili linafundishika. Mtoto wa shule anaweza kujifunza kusema "nina hasira" kabla ya kurusha jiwe. Nilitamani lifundishwe kila darasa, toka Uvira hadi Bijombo.

Siku hizi ninasahau. Naweka chumvi mara mbili kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, namwita mjukuu wangu Riziki kwa jina la mama yake. Nyumbani walijifanya hawaoni, wakala ile sombe yenye chumvi bila kusema. Juzi nilichoka na heshima hiyo. Riziki alikuwa akipepeta mchele uani, nikamwita.

"Riziki, ubongo wangu unaanza kuchoka. Ni ugonjwa, naujua, nimewahudumia wenye kuwa nao. Utazidi. Na ninaogopa."

Aliweka ungo chini. Nilidhani ataniambia, apana koko, bibi yangu, weye uko sawa. Ndivyo watu wanavyosema. Riziki akavuta kigoda, akakiacha, akakaa chini kabisa kwenye udongo, mbele yangu, ninapomwona vizuri.

"Na minye pia ninaogopa, koko," akasema.

Tukakaa hivyo, mchele ukiwa kwenye ungo, kuku wakisogea kuula, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kuwafukuza.